Njia Ilipozama, Ndovu Wakabaki Kisiwani

Skizeni hii. Wamisri walipomaliza piramidi kubwa ya Giza, miaka kama 4,500 iliyopita, mamothi bado walikuwa hai. Ndio, wale ndovu wenye manyoya. Wengi hudhani waliisha kitambo, dunia ikiwa barafu tupu. Kumbe kuna kundi lilikuwa kisiwani Wrangel, kaskazini mwa Siberia, na lilidumu hadi miaka kama 4,000 iliyopita.

Walifikaje huko? Kwa miguu. Enzi ya barafu, maji mengi yalikuwa yameganda nchi kavu, kwa hivyo bahari ilishuka karibu mita 120. Wrangel haikuwa kisiwa. Ilikuwa vilima tu kwenye eneo kubwa la nyasi lililounganisha Siberia na Alaska. Halafu joto likapanda, barafu ikayeyuka, na miaka kama 10,000 iliyopita maji yakafunika njia. Waliokuwa upande ule wakabaki hukohuko.

Hapo ndipo stori hunishika. Mwaka wa 2024 wanasayansi walichapisha utafiti wa jeni zao. Kundi lote lilitokana na mamothi wasiozidi 8 waliozaa. Wanane, maze! Ndani ya vizazi 20 wakafika kati ya 200 na 300, na wakadumu miaka 6,000. Ukiwahesabu tu, ungesema wako poa. Lakini walizaana ndugu kwa ndugu, na madhara yakabaki kwenye jeni zao hadi mwisho. Kisha wakaisha ghafla, na hakukuwa na wengine wa kuja kujaza pengo.

Hii stori inatuhusu. Kwanza, ukoo wa mamothi ulianzia hapa Afrika. Pili, siku hizi kisiwa hakihitaji bahari. Barabara, mashamba na fensi zinatosha. Msitu wa Aberdare umezungushiwa fensi ya umeme ya karibu kilomita 400, iliyokamilika 2009. Sipingi fensi. Ndovu akiingia shamba usiku mmoja, chakula cha mwaka mzima kimeenda, na kuna watu wameuawa. Anayeishi Nairobi kama mimi asimfundishe mkulima huruma.

Ninachosema ni kwamba fensi iwe na njia. Na si ndoto: tangu 2011, ndovu wa Mlima Kenya hupita chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru, wakielekea msitu wa Ngare Ndare. Magari juu, ndovu chini, na mkulima analala.

Mimi niliacha chuo katikati, sina digrii ya wanyama. Lakini hesabu ya Wrangel haihitaji digrii. Mtu akikuambia ndovu wako salama kwa sababu ni wengi, muulize: wakitaka kutoka, wanapitia wapi?