Daftari la reli, daftari la barabara

Asubuhi ya tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilishindwa mlima kati ya stesheni za Msagali na Igandu, mkoani Dodoma. Breki hazikushika. Mabehewa yakarudi nyuma kwenye mteremko, yakashika kasi, yakaivaa treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Kati ya abiria zaidi ya 1,200 walikufa 281, na ambao hawakutambuliwa wakazikwa Maili Mbili, Dodoma.

Wakenya nao wana Ngai Ndethya, ambako Januari 1993 daraja lilisombwa na mafuriko na treni ya abiria ya njia ya Mombasa ikatumbukia mtoni. Walikufa zaidi ya 100.

Barabarani mambo ni mengine. Mwaka 2023 barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,300, yaani Igandu nzima kila siku 24 hivi. Ila vifo vyenyewe huja kwa rejareja: mmoja wa bodaboda leo, watatu wa matatu kesho. Ajali zinazobaki na jina ni chache, kama Sachangwan ya 2009, Karatu ya 2017 iliyoondoka na wanafunzi 32, na lori la mafuta la Msamvu, Morogoro, 2019.

Kwenye pesa ndiko hesabu inapopotea kabisa. Treni ikianguka, injini, mabehewa, winchi na siku ambazo njia imefungwa vyote huandikwa kwenye daftari moja la shirika. Bodaboda ikigongwa, bili ya mifupa hulipwa kwa mchango wa ukoo, mkopo wa pikipiki unaendelea kudaiwa, na mtoto anaacha shule. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huzigharimu nchi nyingi asilimia 3 ya pato la taifa.

Tena daftari la reli na daftari la barabara yanaambukizana. Mafuriko ya Kilosa yalipokata Reli ya Kati mwanzoni mwa 2010, treni zilisimama kwa miezi. Mzigo uliotakiwa kwenda bara ulibaki na njia ya malori, na lori likiua, kifo kinaandikwa kwa trafiki.

Kwa ajali za barabarani, Tanzania ilijaribu dawa kali: mabasi yalizuiwa kusafiri usiku tangu miaka ya 1990 hadi 2023. Katika miaka hiyo abiria wa kutoka Dar es Salaam kwenda Bukoba alilala njiani kwa gharama zake, na basi la mamilioni likalala naye. Gharama hiyo sijaiona kwenye bajeti yoyote ya usalama barabarani.