Waalimu wa Vijijini na Vita Kuu ya 1914

Katika kitabu cha jubilei desturi ni kuandika habari za Maaskofu, na hiyo ni haki. Lakini tumeona yafaa kuwakumbuka pia watu ambao bila wao hapana Askofu angalikuta Kanisa la kulichunga hapa Masasi, yaani waalimu wa vijijini, hasa wale waliopita katika Vita Kuu, tangu 1914 hata 1918.

Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876, Askofu Steere alipoleta kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani. Tangu siku hizo Padre alikuwa na vijiji vingi, akavizungukia kwa zamu, mwalimu alikaa. Yeye ndiye aliyewaita watu kusali, akafundisha watoto kusoma na kuandika, akatayarisha wakatekumeni, akawafariji waliofiwa. Mshahara wake ulikuwa mdogo, naye alilima kama jirani zake.

Vita ilipotokea, nchi ilikuwa chini ya Wadachi, na Misheni yetu ilikuwa ya Waingereza. Wamisionari Waingereza wakakamatwa wakapelekwa mbali. Waalimu Waafrika nao wakashukiwa kuwa watu wa adui. Wengi, hasa wa upande wa Bondei, walitiwa minyororo, wakafanyizwa kazi ngumu, na waliofungwa Tabora hawakufunguliwa hata Wabelgiji walipoutwaa mji ule mwezi wa Septemba 1916. Huku kusini makanisa yalibaki mikononi mwa mapadre na waalimu Waafrika. Hapo ndipo ilipopimwa kazi ya karibu miaka arobaini, nayo haikuanguka.

Masasi siku zile ilikuwa katika dayosisi ya Zanzibar, na Askofu wake alikuwa Frank Weston. Mwaka 1916 alikusanya wapagazi Unguja, akapewa cheo cha meja, akaenda nao bara kwa miguu. Maana katika vita ile mzigo ulikuwa na nguvu kuliko bunduki: njia za magari zilikuwa chache, na wanyama walikufa kwa mbung'o, hata chakula na risasi zikachukuliwa vichwani mwa watu. Waingereza walitwaa karibu watu milioni moja kwa kazi hiyo. Vifo vilivyoandikwa ni zaidi ya 40,000, na wenye elimu ya historia huamini kwamba vilizidi hapo sana. Wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa na uchovu. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi chao.

Mwaka 1917 vita ikafika kwetu. Mwezi wa Oktoba watu walipigana vikali Mahiwa, na mwezi wa Novemba Wadachi wakavuka Ruvuma. Majeshi ya pande zote mbili yalikula chakula cha wanakijiji, na njaa ikafuata.

Basi, mwalimu alitoka na nini katika taabu hizo? Twasema, alitoka na heshima ya namna nyingine. Kwanza heshima yake ilitoka katika kitabu, na kitabu kilikuwa cha wageni. Sasa watu walimwona amefungwa, au amechukua mzigo, au amekaa nao katika njaa Wazungu walipokuwa hawapo. Mtu wa namna hiyo akisema barazani husikilizwa. Askofu Weston naye hakusahau aliyoyaona. Mwaka 1920 aliandika kwa ukali kuupinga utumishi wa lazima katika Kenya. Mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi kamili chini ya Askofu Lucas, aliyelitengeneza jando kwa namna ya Kikristo. Kazi hiyo isingaliwezekana pasipo watu walioaminiwa na wazee na Kanisa pia. Mwalimu alikuwa mtu wa namna hiyo.

Shule tulizozianza zilitwaliwa na Serikali kwa sheria ya 1969, lakini waliosoma humo wamo kila mahali. Jambo linalotuhuzunisha ni hili: majina ya waalimu wale yapotea. Mjini Dar es Salaam imesimama sanamu ya Askari tangu 1927, kuwakumbuka askari na wapagazi, wala haina jina la mpagazi hata mmoja. Tusifanye hivyo sisi. Kila mtaa na ufungue vitabu vyake vya ubatizo na vya ndoa, uulize wazee waliosikia kwa baba zao, uandike: fulani alifundisha hapa, alifungwa, alirudi au hakurudi. Kisha majina hayo yasomwe kanisani Siku ya Marehemu Wote. Mungu ayajua yote. Sisi ndio tunaosahau.