Nyumba ya Makasisi ya Alfriston: miti, udongo na nyasi

Hapa Bukavu, tukipanga kumjengea mchungaji nyumba, tunafikiri kwanza tofali za kuchoma, simenti na mabati. Nyumba ya miti na udongo tunaiona ya muda tu. Lakini Alfriston, kijiji cha kusini mwa Uingereza, kuna nyumba ya namna hiyo iliyojengwa karne ya 14, na ingali imesimama kando ya kanisa la Mtakatifu Andrea.

Ujenzi wake

Mifupa ya nyumba ni nguzo na boriti za mti mgumu wa mwaloni. Katikati ya nguzo walisuka fito, wakakandika udongo, kama wanavyofanya mafundi wa vijijini kwetu. Paa ni la nyasi. Katikati kuna ukumbi mmoja usio na dari. Moto uliwashwa sakafuni na moshi ulipanda hadi kwenye paa. Pande mbili za ukumbi zina vyumba vya chini na vya juu. Sakafu ya ukumbi ni ya chaki, jiwe jeupe laini la eneo lile, iliyopondwa na kushindiliwa pamoja na maziwa machachu.

Jinsi ilivyookolewa

Katika karne ya 19 nyumba ilikuwa imechakaa, ikipangishwa kwa watu maskini. Kanisa lenyewe lilikuwa tayari kuibomoa, ila mama mzee aliyeishi humo aliomba aachwe amalizie siku zake. Baadaye kasisi wa kijiji, F. W. Beynon, alitafuta msaada. Mwaka 1896 shirika la National Trust liliinunua kwa paundi 10. Lilikuwa jengo la kwanza kununuliwa na shirika hilo. Mwaka huohuo Apolo Kivebulaya alitoka Uganda akafika Mboga kuhubiri Injili.

Funzo kwetu

Udongo hauogopi miaka, unaogopa maji. Paa likivuja, fito zinaoza na ukuta unaanguka. Paa likitunzwa, ukuta unadumu. Tunaziomba kamati za parokia, kabla ya kuamua kubomoa nyumba ya zamani, zikague mambo matatu: paa, mfereji wa maji ya mvua, na miguu ya nguzo. Mara nyingi kukarabati kunagharimu kidogo kuliko kujenga upya, na fedha inayobaki inaweza kumlisha mchungaji na jamaa yake.