Kukaa pamoja bila ndoa: sheria inakulinda wapi, inakuacha wapi?

Hapa Kolwezi, kuanzia Manika mpaka Dilala, na katika cité za zamani za Gécamines kama Kapata na Musonoi, watu wengi wanakaa bwana na bibi bila kupita komini. Ndiyo ile watu wanaita « yaka tofanda ». Wanazaa, wananunua parseli, wanafungua biashara. Siku bwana anafia katika shimo, ao anaenda kwa mwengine, ndipo swali linatoka: huyu mama ana haki gani?

Ndoa ni nini mbele ya Leta?

Kode ya familia ni sheria ya tarehe 1/8/1987, iliyobadilishwa tarehe 15/7/2016. Inakubali njia mbili. Ya kwanza ni ndoa inayofungwa mbele ya afisa wa eta sivil. Ya pili ni ndoa ya kifamilia, familia mbili zinapatana juu ya mali ya bibi. Lakini hii ya pili, bwana na bibi wanapashwa kuiandikisha komini katika mwezi mmoja. Ndoa ya kanisa peke yake haitoshi. Na kukaa pamoja, hata miaka 15, hakugeuki ndoa.

Mali na urizi

Walioolewa kwa sheria, kama hawakuchagua kitu kingine, vile walivyopata ndani ya ndoa ni vya wote wawili. Bwana akifa, mjane ni mrizi, na ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba yao. Wa yaka tofanda hana hiyo. Kama parseli iko kwa jina la bwana, familia yake inaweza kuja kuidai, hata kama mama ndiye alilipa matofali kwa biashara yake ya soko. Itabidi aonyeshe tribinali kama alitia feza zake, na bila karatasi ni kazi nguvu. Kwa CNSS pia, anayetambuliwa kama mjane ni yule wa ndoa.

Watoto ni mambo mengine

Hapa sheria inalinda. Mtoto aliyezaliwa inje ya ndoa, kama baba alimtambua akiwa angali mzima, anarizi sawasawa na wale wa ndoa. Watoto wote pamoja wanapata robo tatu ya urizi. Kwa hiyo:

- Tangaza kuzaliwa komini katika siku 90.
- Baba amtambue mtoto katika miezi 12 kisha kuzaliwa. Usingoje mpaka ugonjwa ao ajali ije.
- Baba akikataa, mama anaweza kwenda tribinali kutafuta ubaba.
- Kutengana hakuondoi deni la baba kulisha na kusomesha mtoto.

Na fimbo?

Kupiga mtu, kumuumiza, kumlazimisha kitandani: ni makosa, mkiwa na ndoa ao hapana. Sheria ya 20/7/2006 juu ya jeuri ya kingono inalinda kila mtu. Usikubali kuambiwa « si mmeoana, nenda tu ».

Ufanye nini sasa?

Kama familia zilishapatana na mali ilishatolewa, kinachobaki ni muandiko: mwende wote wawili kwa eta sivil ya komini yenu. Mwezi mmoja ukipita, mwende tu, muulize namna ya kufanya.

Kama hamujafika huko, basi mukinunua parseli, mutie majina mawili kwenye karatasi ya mauzo na kwa dosye ya ardhi. Chunga rissi za simenti na mabati. Bwana anaweza pia kuandika wosia kwa mkono wake, na tarehe na sinyatire, amuachie mama kitu. Lakini hauwezi kugusa robo tatu ya watoto.

Ugomvi ukizaliwa, tribinali ya amani ndiyo mlango wa karibu. Chukua kila karatasi uliyo nayo: ya kuzaliwa, ya parseli, ya lopitali.

Katika mji wa migodi, watu wanafika kutoka mbali na wanaondoka bila kuaga. Mapendo yanaweza kukaa bila karatasi. Parseli na jina la mtoto haviwezi.