Ushirikiano wa Mashirika katika Sera ya Tabianchi: Historia Ikitazamwa kutoka Mabalako

Historia ya sera ya tabianchi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa kawaida husimuliwa kutoka Kinshasa, kwa mfululizo wa amri za serikali, mikataba na ahadi za wafadhili. Usimulizi huo si wa uongo, ila ni wa upande mmoja. Mabalako, eneo la misitu na mashamba lililo magharibi ya mji wa Beni, liko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka mji mkuu. Jambo hili likitazamwa kutoka huko, maswali hubadilika: nani aliitwa mezani, kwa lugha gani, na kwa idhini ya nani?

Yafaa kuanza na ardhi. Tarehe 21 Aprili 1925 utawala wa Kibelgiji uliunda Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Hifadhi ilipopanuliwa katika miaka iliyofuata, wenyeji, wakiwemo Wanande, walipoteza sehemu za kulima na kuvua samaki. Milima ya Lubero na Butembo nayo ilipojaa watu, wengi waliteremka kuelekea misitu ya Mabalako na Mangina, wakafyeka na kupanda kahawa. Ugonjwa wa mnyauko ulipoiangamiza kahawa ya robusta, hasa katika miaka ya 1990, kakao ilishika nafasi yake. Kwa hiyo msitu ambao mtaalamu wa tabianchi huuhesabu kwa tani za kaboni, kwa mkulima wa Mabalako ni akiba ya ardhi ya wanawe. Kila mvutano uliofuata una asili yake katika tofauti hiyo ya hesabu.

Mwaka 2009 serikali, ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia, iliingia katika mpango wa kimataifa wa kupunguza hewa ya ukaa itokanayo na uharibifu wa misitu, ujulikanao kwa kifupisho cha REDD. Amri ya tarehe 26 Novemba mwaka huo iliunda Kamati ya Taifa, kamati ya wizara mbalimbali na Uratibu wa Taifa. Mashirika ya kiraia nayo yaliungana katika jukwaa moja, GTCR, ili yasiitwe mojamoja na kukubalishwa mojamoja. Katikati ya mwaka 2012 jukwaa hilo lilisimamisha ushirikiano wake na Uratibu wa Taifa, likilalamikia namna lilivyokuwa likishirikishwa. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa utovu wa nidhamu. Kwa hakika ulikuwa ushahidi kwamba ushirikiano ulikuwapo, maana asiyeweza kujitoa hakushirikishwa bali aliburutwa. Mkakati wa taifa ulipitishwa Novemba 2012.

Huku Kivu, kazi ilikuwa imekwisha kuanza bila kuungoja mkakati huo. Tangu mwaka 2007 shirika la WWF, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, liliendesha mradi wa EcoMakala kuzunguka Virunga. Msomaji wa pwani aweza kudhani kuwa hilo ni jina la jarida. Katika Kiswahili cha Kongo, kama katika Kilingala, makala ni makaa ya kupikia. Vyama vya wakulima vilipanda mikaratusi na miti mingine katika mashamba yao wenyewe, ili kuni na makaa ya miji visitoke hifadhini. Jina hilo lilieleweka sokoni bila mkalimani, jambo lisiloweza kusemwa juu ya hati za Kinshasa, zilizoandikwa kwa Kifaransa cha wataalamu.

Kisha amani ilitoweka. Kuanzia Oktoba 2014 mauaji ya halaiki yaliwafukuza wakulima wengi wa wilaya ya Beni mashambani mwao. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa Mangina, katika eneo la afya la Mabalako. Ulipokwisha tarehe 25 Juni 2020 watu 2,287 walikuwa wamekufa. Mashirika yalifurika, na wananchi wakauliza kwa nini magari hayo hayakuonekana walipokuwa wakichinjwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mpango wowote wa misitu unaofika huko hukutana na kumbukumbu hiyo kabla ya kukutana na miti.

Ahadi za juu hazikukoma. Novemba 2021, huko Glasgow, Kongo ilitia saini makubaliano ya dola milioni 500 na wafadhili wa misitu ya Afrika ya Kati. Januari 2025 serikali iliunda Ukanda wa Kijani wa Kivu hadi Kinshasa, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 540,000. Mwezi huohuo waasi wa M23 waliiteka Goma, na serikali ya mkoa ikahamia Beni, mji uliokuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021.