Dawa ya Cheti

Dawa ya cheti ni ile ambayo sheria inakataza isiuzwe mpaka mtaalamu wa tiba awe ameiandika. Kikaratasi anachoandika Watanzania hukiita cheti cha daktari; Kenya utasikia zaidi agizo la daktari. Neno cheti asili yake ni Bara Hindi, likiwa na maana ya barua fupi, na dukani limebaki na maana hiyo. Tusilichanganye na cheti cha kuzaliwa au cha shule: dawa ya cheti si dawa "yenye uthibitisho" kuliko nyingine. Ubora ni suala la usajili, kazi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, TMDA, na hata panadoli isiyohitaji cheti sharti isajiliwe. Cheti chenyewe kinajibu swali jingine: nani ameamua kwamba wewe, kwa ugonjwa huu, umeze hiki?

Mwenzake wa mtaani ni dawa baridi. Chini ya sheria ya dawa na sumu ya mwaka 1978, maduka madogo yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti tu, watu wakayaita maduka ya dawa baridi. Lakini famasi zilijazana mijini, na vijijini duka hilo dogo ndilo lilikuwa karibu. Antibiotiki zikawa zinauzwa chini ya meza. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, serikali ilianza kujaribu Duka la Dawa Muhimu: mtoa dawa anafunzwa, duka linakaguliwa, kisha linaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, zikiwemo amoksisilini na kotrimoksazoli. Mpango ukaenea nchi nzima. Kwa mkazi wa Songwa, wilayani Kishapu, maana yake ni kwamba si kila dawa ya cheti inamlazimu kupanda gari hadi Shinyanga mjini. Cheti, hata hivyo, hakikufutwa, na kuchoma sindano humo ni marufuku.

Mazoea yanakwenda kwingine. "Dada, nipe rangi mbili za buku." "Cheti unacho, kaka?" "Cha nini? Ni kifua tu." Rangi mbili ni kapsuli, lakini rangi si jina la dawa; viwanda hupaka rangi zinazofanana dawa zisizofanana. Na za buku, yaani za shilingi elfu moja, hazifiki dozi. Bahasha ikiandikwa 1x3, yaani kimoja kutwa mara tatu, bila idadi ya siku, mgonjwa huacha akipata nafuu, na vijidudu vilivyosalia hujenga usugu.

Kwenye ukanda wa machimbo, kuanzia almasi za Mwadui hadi dhahabu ya Geita, "kifua tu" ni neno la hatari. Vumbi la mwamba huharibu mapafu na kumweka mchimbaji karibu zaidi na kifua kikuu. Amoksisilini haikitibu. Mtu anaweza kununua kapsuli kila wiki kwa miezi, ilhali dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma, kama zilivyo za kufubaza virusi vya UKIMWI. Anayekwepa foleni ya zahanati ili aokoe fedha ndiye anayelipa zaidi.

Nafuu nyingine nazo huanzia kwenye cheti. Sera ya afya inawasamehe malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza, lakini msamaha unapatikana kituoni, si kwenye kaunta ya duka. Bima nayo hulipia kilichoandikwa. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ulipoboreshwa mwaka 2018 ulitoza kaya ya watu 6 shilingi 30,000 kwa mwaka. Na kama unalipa taslimu, mwombe mwandishi wa cheti aandike jina la dawa yenyewe, si la biashara. Flagyl ni jina la biashara. Dawa ni metronidazoli, na ikiandikwa hivyo una haki ya kuulizia iliyosajiliwa ya kiwanda chochote na kulinganisha bei duka kwa duka. Asiye na cheti hulinganisha rangi.