Hiyo harufu ya mbao kwenye shati lako ina historia

Maboyz wa Kitale na Bungoma, ile pafyumu ya soo kadhaa mnayojipulizia kila asubuhi, yenye harufu ya mbao, mara nyingi inaiga mti mmoja: sandali.

Kwa karne nyingi sandali iliyosifika ilitoka India, hasa Mysore. Tipu Sultan aliutangaza kuwa mti wa kifalme mwaka wa 1792. Miti ya huko ilipopungua, wafanyabiashara wakageukia ndugu yake wa huku kwetu, Osyris lanceolata, anayeota Pokot Magharibi, Baringo na Samburu.

Hapo ndipo balaa ilianza. Mafuta yamejaa kwenye mizizi na kiini cha shina, kwa hivyo wavunaji hawakati matawi. Wanang'oa mti mzima. Hakuna kisiki, hakuna kuchipuka tena.

Rais Kibaki alipiga marufuku uvunaji mwaka wa 2007. Mwaka wa 2013 mkataba wa CITES ukaanza kudhibiti biashara yake ya kimataifa. Lakini magendo hayakuisha, na anayechimba huachiwa vumbi huku faida ikivuka mpaka.

Ndio maana mimi sioni aibu kuvaa ya bei rahisi. Nyingi ya hizo harufu hutengenezwa maabara, hazijagusa mzizi wowote. Cheki, kunukia poa si lazima kilima kibaki kipara.

Msee akikuletea "mafuta safi ya sandali" kwa bei ya kutupa, muulize mzizi ulitoka wapi. Akianza kuzunguka, mrudishie chupa yake.